Vita ndo inazalisha chuki, sio kila mara chuki inazaa vita

Tukienda kutoa elimu ya amani, iwe Mafinga, Makambako au hapo Uyole, swali moja halikosi, mtu anasimama anasema wale wenzetu wa nchi zilizopigana, kama Bosnia au Rwanda, walikua wanachukiana toka enzi za mababu ndo maana wakachinjana. Jamani, mara nyingi ni kinyume.

Chukua Yugoslavia ya zamani, ile nchi ya Ulaya iliyokua na Bosnia na Kroatia ndani yake. Mwishoni mwa miaka ya 80 watafiti waliwauliza watu kuhusu ndoa za mchanganyiko, kuaminiana na mambo kama hayo, na Bosnia ndo ikatoka mbele kwa uvumilivu, Waserbia, Wakroatia na Waislamu wa Bosnia walikua wanakaa ghorofa moja na wanaoana. Vita ikaanza 1992, na Julai 1995 pale mji wa Srebrenica, Bosnia, wakauawa wanaume na wavulana wa Kiislamu zaidi ya 8,000. Na Kroatia nako watu walipoulizwa tena 1996, vita imeisha juzi tu, kutovumiliana kulikua juu sana kuliko 1989, ila kufikia 2003 kukawa kumepungua.

Inakuaje? Kwanza inaingia hofu. Redio na tivii za wanasiasa zinakurudia kila siku kwamba jirani anajipanga kukumaliza (Rwanda ile redio ya uchochezi, RTLM, ilianza kurusha 1993, mwaka mmoja kabla ya mauaji ya kimbari), na wewe hata kama huamini, milio ya risasi ikianza usiku utakimbilia wapi, si kwa wa kwenu. Halafu misiba. Ukishazika ndugu yako huulizi tena nani hasa kaua, unasema tu "wale", na humo anaingia hata yule mama aliyekua anakuazima chumvi.

Kwetu huku je? Wahehe na Wangoni walipigana miaka ya 1870 kuingia 1880, haikua mchezo, na Wasangu wa chifu Merere walishirikiana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, ngome yake ya Kalenga ikaanguka 1894. Leo Mhehe na Mngoni ni watani, anakuja msibani kwako anakuvurugia shughuli mpaka umpe chochote, na ukinuna we ndo mwenye kosa. Hawajasahau, ugomvi wenyewe umegeuzwa mzaha. Lakini haikutokea kwa siku moja wala kwa hotuba, watu wa huku walienda manamba kwenye mkonge wakakuta wageni wa kila kabila, wakasoma darasa moja, wakaoana.

Bosnia wao amani ilisainiwa Desemba 1995, ila mpaka miaka hii zipo shule jengo moja, watoto wa Kikroatia wana mlango na mtaala wao, wa Kibosniaki (ndo wale Waislamu wa Bosnia) wana wa kwao, hata mapumziko hawakutani. Mi hapo ndo huwa nachoka kabisa, maana mtoto huyo atamtania nani wakati mwenzie wa chumba cha pili hamjui hata jina? Ningepewa nafasi kule ningeanza na hiyo milango, makongamano ya amani yangesubiri.