Shimo la Grafini si Tundu: Ufafanuzi kwa Umma

Tangu Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2023 itolewe kwa kazi ya nukta za kwanta, yaani vieneo vidogo mno vinavyofungia elektroni, maabara yetu inapokea maswali kila siku. Mengi ni ya nia njema, tunashukuru. Ila moja halichoki kurudi: “Hayo mashimo kwenye grafini mnayatoboa kwa kifaa gani?” Grafini ni kaboni katika tabaka la unene wa atomu moja. Hatutoboi kitu.

Shimo ni nafasi iliyoachwa na elektroni. Kumbuka benchi la kumsubiri daktari. Wa mbele akiitwa, wa pili anasogea, wa tatu naye anasogea, na ile nafasi tupu inarudi nyuma mpaka mwisho wa benchi. Watu wamekwenda mbele, nafasi imekwenda nyuma. Sisi tunaihesabu kama chembe yenye chaji chanya.

Katika tabaka moja la grafini, lile ambalo wanafizikia Geim na Novoselov walilibandua kwa selotepu huko Manchester mwaka 2004, hakuna pengo la nishati, yaani kiwango cha nishati kisichokalika, kati ya elektroni na shimo. Kwa hiyo kuzifungia ni kazi. Elektroni ikiukabili ukuta wa volteji uso kwa uso, inapenya ikiwa shimo na kutokea ng'ambo ikiwa elektroni tena. Tunatumia tabaka mbili: uga wa umeme ukizipita wima, pengo linafunguka, na mageti, yaani vipande vya chuma vyenye volteji, yanaizingira elektroni moja katika eneo la makumi ya nanometa. Geuza volteji, na pale pale unanasa shimo.

Mwaka 2023 watafiti wa Aachen na Jülich, Ujerumani, walinasa elektroni kwenye nukta moja na shimo kwenye nukta jirani, wakakuta tabia za vyote viwili zinalingana karibu kabisa, kama mtu na kivuli chake kiooni. Jozi hiyo huzaliwa na spini (sifa inayoifanya chembe iwe kama sumaku ndogo) zinazokinzana, na haiungani tena na kutoweka mpaka spini hizo zikinzane vivyo hivyo. Wanaotafuta njia ya kusoma kubiti, biti za kompyuta za kwanta, wanalifuatilia hilo kwa karibu.

Sasa utaratibu wa wageni. Saini daftari. Vaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi, kisha gusa bamba la shaba, kwa mpangilio huo, si kinyume. Mwili huanza kuhisi cheche za umeme tuli kwenye takriban volti 3,000. Mageti yetu huungua mapema zaidi. Ukikiuka, kadi yako inafungwa siku 14, ya mwenyeji wako pia, na fomu ya tukio inajazwa nakala mbili siku hiyo hiyo. Kosa la pili, kadi hairudi bila barua ya msimamizi. “Nilisahau” si sababu.

Kuhusu betri na barakoa zinazouzwa kwa jina la grafini, ofisi hii haina la kusema.

Na wanaouliza kama nukta zetu zimetiwa kwenye chanjo: zinafanya kazi chini ya kelvini 1, takriban nyuzi 273 chini ya sifuri, ndani ya jokofu refu kuliko mtu, zikiwa zimefungwa nyaya kila upande. Sindano gani hiyo?