Hulali usiku? Toa simu chumbani kabla ya kununua vidonge

Kila wiki napokea wagonjwa wenye malalamiko yaleyale: kichwa kinagonga, macho yanawaka, mwili mzito, usingizi hauji mpaka karibu na adhana ya alfajiri. Wengi wameshapima malaria, haipo. Wengi wameshapitia duka la dawa. Nikiwauliza simu inalala wapi, wananijibu: chini ya mto. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza tukiwa tumekaa.

Swali: Dokta, simu inanizuiaje kulala na mimi nimechoka kabisa?

Jibu: Giza likiingia, ubongo hutoa homoni ya melatonini inayouambia mwili kwamba muda wa kulala umefika. Mwanga wa kioo cha simu karibu na uso hupunguza homoni hiyo. Lakini kinachonisumbua zaidi ni unachokitazama. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, taarifa ya habari ina kwaheri. Video fupi hazina. Moja ikiisha, nyingine imeshaanza kabla hujaamua kama unaitaka. Katika kumi, moja inakuchekesha kweli, na hiyo moja ndiyo inayokufanya uitafute nyingine kama hiyo.

Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi, kijana wa sekondari kati ya 8 na 10. Aliyeweka simu chini saa nane usiku na kuamka saa kumi na moja awahi daladala amelala saa 3 tu. Kichwa lazima kimuume.

Swali: Jirani ameniambia ninywe Piriton, au vile vidogo vya usingizi. Vina ubaya gani?

Jibu: Hapa naomba unisikilize vizuri.

Mama mmoja alifungua pindo la khanga mbele yangu akatoa kikaratasi cha daftari kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na vidonge vitano. Havikuwa na jina wala tarehe ya kuisha muda, na hakuna aliyemwambia anywe vingapi. Alichokumbuka ni kwamba muuzaji alisema "hivi ndivyo vya kulala." Alikuwa akimeza viwili kila usiku, kisha analala na simu mkononi.

Piriton ni dawa ya mzio. Kusinzia ni athari yake ya pembeni, siyo kazi yake. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba akiinywa anaweza kuzibwa mkojo, na inaweza kuwachanganya wazee akili. Vile vidogo vya usingizi mara nyingi ni diazepam, nayo ni hatari zaidi. Ni dawa ya kutolewa kwa cheti cha daktari. Ukiinywa mfululizo kwa wiki chache mwili huizoea, kidonge kimoja hakitoshi tena, unaongeza cha pili. Ukichanganya na pombe, pumzi hupungua mpaka mtu anaweza asiamke. Na uzito wake haukomi asubuhi: dereva wa bodaboda aliyeinywa usiku anaweza kuwa barabarani na abiria huku ubongo wake bado umelala nusu.

Usinunue kidonge cha usingizi dukani. Si kimoja, si "cha leo tu."

Swali: Lakini mimi nikinywa nalala vizuri kabisa.

Jibu: Unalala, ndiyo, na kesho simu bado iko chini ya mto. Kidonge hakijagusa kilichokukosesha usingizi. Mwezi ujao utakuwa na matatizo mawili, simu na kidonge. Narudia: usinunue.

Swali: Nianzie wapi? Siwezi kuitupa simu, biashara yangu yote imo humo.

Jibu: Sikwambii uitupe. Wateja, pesa, mama kijijini, vyote vimo. Tunachotaka ni simu ikuite pale tu panapostahili.

Anza na arifa. Fungua Mipangilio, uzime arifa za kila programu isipokuwa simu za kupigiwa, ujumbe wa kawaida na pesa. Magrupu ya WhatsApp, la harusi, la kikoba, la wazazi wa darasa la nne, yanyamazishe yote. WhatsApp itakuuliza kwa muda gani: chagua daima. Utayasoma ukipenda wewe. Siku moja nikimpima mtu presha, simu yake ilitetemeka mfukoni mara saba kabla sijamaliza, na kila mara mkono wenye kile kitambaa cha kipimo ulijikunja kutaka kuifuata. Nilirudia kipimo, na safari hiyo simu ilikaa mezani kwangu imezimwa.

Kisha programu za video ziondoe kabisa. Ukiona huwezi, zitoe kwenye ukurasa wa mbele, uzifiche ndani ya folda, na ujiondoe kwenye akaunti ili kila ukitaka kuingia uandike neno la siri. Usumbufu huo mdogo ndio tunaoutaka. Mara nyingi mkono hufungua programu kwa mazoea tu, na ukikutana na kizuizi unakumbuka ulikuwa unafanya nini.

Jingine ni rangi. Simu nyingi zinaweza kugeuzwa ziwe za kijivu. Kwenye Android tafuta Nidhamu Dijitali ndani ya Mipangilio, kwenye hali ya wakati wa kulala. Kwenye iPhone iko sehemu ya ufikivu (Accessibility), kwenye vichujio vya rangi (Color Filters). Mimi yangu hugeuka kijivu yenyewe saa tatu usiku. Pilau inaonekana kama mchanga, na kile kialama chekundu cha ujumbe mpya hakichomozi tena. Hamu ya kuendelea inapungua.

Lakini hayo yote ni madogo ukilinganisha na hili: chaja ihamie sebuleni, leo. Hata ukishindwa mengine yote, hilo lifanye. Simu isiingie chumba cha kulala.

Swali: Ndiyo inayoniamsha. Na kukitokea dharura usiku?

Jibu: Nunua saa ya mezani ya betri, yenye kengele. Kwa dharura, hali ya Usinisumbue (Do Not Disturb) ya simu inakuruhusu kuchagua namba chache zitakazoita hata usiku: mama, mume au mke, mlinzi wa duka. Weka sauti juu, iache sebuleni. Utaisikia.

Swali: Bando la usiku ni nafuu, nisipolitumia napata hasara.

Jibu: Hili nalisikia sana kwa wanachuo. Ni nafuu kwa sababu saa hizo watu wamelala na mtandao una nafasi. Na wewe lala. Ulichookoa kwenye bando usije kukileta kwangu ukiniambia kichwa kinauma na mtihani ni kesho.

Swali: Mtoto wangu wa mwaka mmoja na nusu hali bila kuwekewa katuni.

Jibu: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka 2 asitazamishwe kioo, kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Atalia siku mbili tatu, mvumilie. Akifika miaka 2 haunganishi maneno mawili, mlete kliniki apimwe masikio. Usikubali kuambiwa "hata baba yake alichelewa."

Swali: Nimetoa simu chumbani wiki mbili sasa, bado silali.

Jibu: Njoo, lakini usipitie duka la dawa njiani. Kukosa usingizi kunaweza kuwa dalili ya sonona, wasiwasi uliozidi au ugonjwa mwingine, na hayo yana matibabu yake. Usisubiri hata siku moja kama una mawazo ya kujidhuru. Na kama mwenzako anasema unakoroma mpaka pumzi inakatika, njoo naye, kwa sababu yeye ndiye anayekusikia.

Swali: Nimekunywa vile vidonge kila usiku kwa miezi miwili. Nivitupe leo?

Jibu: Hapana. Kama ni diazepam, kuiacha ghafla baada ya kuizoea kunaweza kuleta mtetemeko na hata degedege. Inapunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi. Usiongeze, usichanganye na pombe, usimgawie mtu. Chukua vilivyobaki pamoja na kile kikaratasi, uvilete kituo cha afya kesho asubuhi. Hutagombezwa. Nikijua ni dawa gani na umekunywa kiasi gani, tutapanga jinsi ya kuipunguza.