Kabla ya Kuongeza Kozi: Mapitio ya Programu Yanaanzia Kwenye Karatasi za Mitihani

Mapitio mengi ya programu za masomo vyuoni huharibika kwenye kikao cha kwanza. Kamati inakaa, orodha ya kozi za zamani inawekwa mezani, na kila mjumbe anataja kozi anayoona inakosekana. Wa takwimu anataka takwimu ziongezwe, wa ujasiriamali anataka ujasiriamali. Ikifika saa saba mchana zimeongezwa kozi nne, haijaondolewa hata moja, na hakuna mjumbe aliyefungua karatasi ya mtihani kuona wanafunzi wanaulizwa nini. Kazi yangu ni uthibiti ubora wa programu, na ninaeleza hapa utaratibu unaoanzia upande mwingine: kwanza ushahidi wa anachoweza kukifanya mwanafunzi anapomaliza, kisha kozi.

Nitatumia mfano wa shahada ya miaka mitatu ya mipango ya maendeleo. Hapa Dodoma, penye wizara zote Mtumba na halmashauri za Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba na Kondoa kuzunguka jiji, mhitimu wa fani hiyo hana mahali pa kujificha: bajeti mbovu aliyoiandaa itarudishwa wiki hiyohiyo.

Jambo la kwanza ni kujua mnamjibu nani. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Vyuo vya ufundi na vya kitaaluma, vikiwemo baadhi vinavyotoa shahada, viko chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi lililochukua nafasi ya NACTE mwaka 2021, na mitaala yao hufuata umahiri katika ngazi za NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi, kuanzia 4 hadi 10. Fomu za pande hizi mbili hazifanani, na rasimu iliyoandikwa kwa muundo usio wake hurudi. Kipimo cha kazi kinafanana: krediti 1 ni saa 10 za mwanafunzi, darasani na nje ya darasa kwa pamoja, na mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Shahada ya miaka mitatu basi ni krediti 360, yaani saa 3,600. Tutarudi kwenye hesabu hii, maana ndiyo inayopuuzwa kuliko zote.

Timu isizidi watu saba. Awemo anayefundisha mwaka wa kwanza, anayesimamia mafunzo kwa vitendo, mtu wa ofisi ya mitihani anayejua kutoa takwimu kwenye mfumo wa matokeo, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Mkuu wa idara asiwe mwenyekiti. Yeye ndiye atakayegawa kozi baadaye, na wajumbe husita kusema mbele yake kwamba kozi fulani haina kazi. Anzeni miezi 12 hadi 18 kabla ya mwaka wa masomo mnaoulenga, mkihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya kutolewa kwa mwongozo wa udahili. Sifa za kujiunga zikibadilishwa na idhini ikachelewa, mtadahili kwa sifa za zamani watu watakaosoma mtaala mpya.

Sasa ushahidi. Anzeni na matokeo ya miaka mitatu ya kila kozi, na msiishie kwenye asilimia ya waliofaulu. Tuseme kozi ya mbinu za utafiti ina wanafunzi 150 na 60 kati yao wamepata sapu, yaani wamefeli na watarudia mtihani. Wengi wataruka moja kwa moja kwenye hukumu: kozi ni ngumu, ipunguzwe. Subirini kwanza. Mwaka mwingine ilifundishwa na nani? Kama alipobadilika mhadhiri walioanguka wakabaki 15, tatizo halimo kwenye mtaala, na kubadili mtaala hakutalitibu. Kama idadi ni ileile kwa wahadhiri watatu tofauti, tazameni kozi iliyotangulia. Mara nyingi mtakuta wanafunzi walifaulu takwimu za mwaka wa kwanza kwa maswali ya kutaja na kueleza, kisha mwaka wa pili wakatakiwa kukokotoa na kufasiri. Shimo limechimbwa mwaka wa kwanza, mtu anaanguka mwaka wa pili. Na wanaokeri kozi ya namna hiyo, yaani wanaoibeba hadi mwaka unaofuata baada ya kuifeli, hadi kufikia disko, kuondolewa masomoni, si wazembe wote. Chuo kina deni kwao.

Baada ya matokeo, karatasi zenyewe. Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kwa kuwa inachosha. Chukueni mitihani ya mwisho wa muhula ya miaka mitatu kwa kila kozi ya msingi. Kila swali lipewe alama mbili: linapima tokeo lipi la ujifunzaji (yaani lipi kati ya mambo ambayo mtaala unaahidi mwanafunzi ataweza kuyafanya), na linamtaka mwanafunzi afanye nini, akumbuke, aeleze, atumie, achambue, apime au abuni. Ngazi hizi zinatokana na kazi ya Benjamin Bloom na wenzake ya mwaka 1956, hapa zikiwa kama zilivyorekebishwa baadaye, na kwa kazi hii zinatosha. Watu wawili wasome karatasi moja bila kuonyeshana majibu, halafu walinganishe. Kozi moja huchukua kama nusu siku.

Mtakachokiona ni kwamba mtaala umeandika "mhitimu ataweza kuandaa mpango na bajeti ya mradi wa kijiji", na mtihani unauliza "taja faida tano za kupanga". Mwanafunzi mwenye akili husoma kinachoulizwa. Hilo si kosa lake. Kwa hiyo tokeo hilo lipo kwenye kabrasha tu, na mwajiri akilalamika kwamba mhitimu hawezi kuandaa bajeti anasema kweli tupu, ingawa kozi tatu za bajeti zinaonekana kwenye hati ya matokeo yake. Kuongeza kozi ya nne hakusaidii. Kinachosaidia ni kubadili upimaji wa zile tatu: mwanafunzi apewe takwimu za kisima, idadi ya kaya na bei za vifaa, aandae bajeti, aitetee.

Ripoti za watahini wa nje, wale wa kutoka vyuo vingine wanaokagua mitihani yenu, zimelala kwenye makabati ya kila idara. Zitoeni zote za miaka mitano, mtengeneze jedwali la safu nne: pendekezo, mwaka, lililofanyika, ushahidi. Pendekezo likijirudia mara tatu, hilo ni la kwanza kwenye orodha yenu, kabla ya maoni ya mtu mwingine yeyote.

Ufuatiliaji wa wahitimu unahitaji uangalifu, kwa sababu ni rahisi kujidanganya nao. Watafuteni waliomaliza kati ya mwaka mmoja na mitatu iliyopita. Wa karibu zaidi ya hapo hajapata uzoefu, na wa mbali zaidi anazungumzia mtaala mwingine. Namba za simu za kwenye faili la udahili nyingi zimekufa; njia inayofanya kazi ni viongozi wa darasa wa zamani na makundi yao ya WhatsApp. Lakini wanaojibu upesi ni wale wenye kazi. Asiye na kazi hunyamaza. Kama orodha ina wahitimu 200 na wamejibu 40, andikeni hivyo, asilimia 20, kisha watafuteni kwa simu angalau 15 kati ya walionyamaza, mwone kama majibu yao yanatofautiana. Na swali liwe la kazi. "Uliridhika na programu?" haina faida, kila mtu atasema ndiyo kwa heshima. Ulizeni: mwezi uliopita ulifanya kazi gani ambayo ilibidi ufundishwe upya kazini? Ni kozi ipi hujawahi kuitumia hata mara moja?

Waajiri nao. Kwa vyuo vya hapa kuna kishawishi cha kujaza ukumbi maofisa wa wizara, kwani Mtumba iko jirani na barua inafika siku ileile. Waiteni, ila wasizidi theluthi. Mwenye mashine ya kukamua alizeti, chama cha wakulima wa zabibu, ofisa mipango wa halmashauri ya mbali kama Mkalama au Manyoni, asasi inayoendesha miradi ya maji vijijini: hawa ndio wanaomwona mhitimu akifanya kazi bila mkubwa wa kumsimamia. Watu 25 wanatosha. Msiwapelekee rasimu ya kurasa 200, hakuna atakayeisoma. Wapeni kurasa mbili zenye matokeo ya ujifunzaji, na kila kikundi kijibu maswali matatu: lipi hapa hamlihitaji, lipi linakosekana, na mtamjuaje mtu anayeliweza. Swali la tatu ndilo linaloleta mali.

Msichanganye jambo la mtaala, unaoidhinishwa kwa programu nzima, na jambo la muhtasari wa kozi moja moja. Mwaka 2023 ununuzi wa umma ulihama kutoka mfumo wa kielektroniki wa TANePS kwenda ule wa NeST. Chuo kilichoandika tokeo la programu kwa kutaja jina la mfumo kilijikuta kina mtaala uliopitwa na wakati ndani ya miezi michache. Tokeo liseme mhitimu ataendesha zabuni kwa mfumo wa kielektroniki wa serikali. Jina la mfumo likae kwenye muhtasari, ambao idara inaweza kuuhuisha kila mwaka bila kusubiri Seneti, chombo cha juu cha taaluma chuoni. Ndivyo ilivyo pia kwa PlanRep na mifumo mingine ya bajeti. Zana hubadilika haraka kuliko mzunguko wowote wa mapitio.

Sasa ndipo kozi zinapoingia, kwa njia ya jedwali. Mistari ni matokeo ya programu, 8 hadi 12, yasizidi hapo. Safu ni kozi. Kwenye kila kisanduku andikeni A kama kozi inaanzisha tokeo hilo, E kama inaliendeleza, P kama inalipima kikamilifu, au kiachwe wazi. Visanduku vingi vinapaswa kuwa wazi. Jedwali lililojaa kila mahali ni dalili kwamba wahadhiri wamejaza kwa kulinda kozi zao, na tiba yake ni kudai ushahidi: aliyeandika P alete swali au kazi inayopima. Halafu someni mistari. Wenye A nne na hauna P ni mstari wa maneno matupu. Wenye P bila E unamwonea mwanafunzi. Safu isiyobeba chochote ni kozi ya kuondolewa, hata kama mwenye kozi ni mkongwe wa idara. Hapo kamati inahitaji moyo, na inafaa mwenyekiti azungumze na mhusika faraghani kabla ya kikao, amweleze jedwali linasema nini na atafundisha nini badala yake. Mzee wa idara akifedheheshwa kikaoni, mapitio yatapigwa vita hadi mwisho.

Kisha hesabu ya saa. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Kwa muhula wa wiki 15, mihadhara saa 3 kwa wiki inakuwa 45, semina saa 1 inakuwa 15, kazi za kupimwa 20, na kujisomea 40. Muhula wenye krediti 60 ni saa 600, sawa na saa 40 kwa wiki. Ongezeni kozi mbili za krediti 10 bila kuondoa kitu, na wiki inafika saa 53. Anayechelewa daladala, anayepika mwenyewe geto, anayefanya kibarua jioni kwa sababu bumu, fedha yake ya mkopo, limechelewa, hana saa hizo. Atakachokikata ni kujisomea, na mtaona matokeo yake kwenye sapu. Kwa hiyo kanuni ninayoisimamia ni kozi moja ikiingia, moja hutoka. Nimesikia hoja nyingi za kuikwepa na sijakutana na yenye uzito.

Ripoti ya kujitathmini, kwa vyuo vinavyofuata mwongozo wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, hutumia alama 1 hadi 7, ambapo 4 ni kutosheleza kama inavyotarajiwa. Vyuo hujipa 6 kwa mazoea, kisha wakaguzi wa nje wanaomba ushahidi na hakuna. Jipeni 3 panapostahili 3 na mwandike hatua, mtu na tarehe. Wakaguzi hupokea udhaifu unaojulikana vizuri zaidi kuliko sifa zisizo na karatasi.

Safari ya idhini kutoka idara, bodi ya ndaki, kamati ya mitaala, Seneti hadi mamlaka inajulikana. Inayosahaulika ni mpito. Mtaala mpya huanza na mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili na wa tatu wanaendelea na wa zamani. Mwanafunzi aliyekeri kozi ya zamani iliyofutwa atasoma nini? Andaeni jedwali la ulinganifu wa kozi kabla ya Seneti, kila kozi iliyofutwa ikiwa na mbadala wake au tarehe ya mtihani wa mwisho wa kozi hiyo. Misimbo mipya iingizwe kwenye mfumo wa matokeo na kujaribiwa kwa majina machache kabla ya usajili kufunguliwa. Bila hivyo, miaka mitatu baadaye mhitimu anakwama siku ya kuhakiki matokeo kwa kuwa mfumo unamdai kozi ambayo haipo tena.

Mwisho wa muhula wa kwanza wa mtaala mpya, kila mhadhiri aandike kurasa mbili tu: walioandikishwa, mgawanyo wa alama, swali lililoangusha wengi, alichokibadili. Karatasi hizo, pamoja na mtihani na nakala tatu za majibu (ya juu, ya kati na ya chini), ziwekwe kwenye jalada la kozi muhula huohuo, kabla wahadhiri hawajatawanyika likizo.