Je, wajua kwa nini ofisi mpya za serikali ya Uingereza zilihitaji muswada bungeni?

Serikali ya Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na fedha, wasanifu majengo na mawaziri wenye sauti. Hata hivyo, ilipotaka kupanua ofisi zake za Downing Street na Whitehall, London, ilibidi ibishe hodi bungeni. Ilifanya hivyo 1855, ikarudi 1859, kisha 1865, 1882 na 1895. Kwa nini?

Jibu ni ardhi. Viwanja vilivyotakiwa vilikuwa na wenyewe, na waziri hakuwa na uwezo wa kumlazimisha mtu auze nyumba yake asipotaka. Ni sheria ya Bunge tu iliyoweza kumlazimisha, tena kwa kumlipa fidia. Ndiyo maana miswada ya ofisi hizo ilishughulika zaidi na mipaka ya viwanja kuliko kuta na madirisha.

Hapo ndipo shughuli inapoanza. Muswada wa kawaida huwagusa wananchi wote kwa namna moja. Huu unamgusa mwenye nyumba hii na kumwacha wa mtaa wa pili. Wabunge wa Uingereza huuita muswada mseto, kwa kuwa ni wa serikali lakini ndani yake mna maslahi ya watu binafsi wanaojulikana kwa anwani zao. Basi hupewa njia ndefu zaidi. Kwanza maofisa wa Bunge hukagua kama wahusika walitangaziwa na kama ramani ziliwekwa mahali watu wanapoweza kuziona. Ukishasomwa mara ya pili, hupelekwa kwa kamati teule, na wanaoguswa hupeleka maombi yao ya kupinga.

Hatua hii naipenda kuliko zote. Mwenye duka anaketi mbele ya wabunge, peke yake au na wakili, anaeleza jinsi ukuta mpya utakavyomzibia mwanga au njia ya kuingilia. Wakili wa serikali anajibu. Wabunge wanasikiliza kama mahakimu, na wanaweza kubadili mpaka au kuongeza masharti ya kumlinda. Ila kuna kikomo: kura ya kusomwa mara ya pili imekwisha kukubali kwamba mradi uwepo, kwa hiyo mlalamikaji hawezi kuomba ufutwe wote. Na asiyeguswa moja kwa moja hasikilizwi. Baadaye muswada huenda Bunge la Malodi, yaani baraza la pili la Bunge la Uingereza, ambako milango ya maombi hufunguliwa upya. Utaratibu huu ungali hai: muswada wa reli ya kasi ya London hadi West Midlands uliwasilishwa Novemba 2013, ukawa sheria Februari 2017.

Fedha zina mlango wake. Wabunge huziidhinisha mwaka kwa mwaka, na kwa mlango huo waliweza kuhoji hata sura ya jengo. Mfano mkubwa ni Wizara ya Mambo ya Nje. Msanifu George Gilbert Scott alichora jengo la mtindo wa Kigothi, lenye matao yaliyochongoka. Lord Palmerston, aliporudi kuwa Waziri Mkuu mwaka 1859, hakulitaka hata kidogo; alitaka mtindo wa Kiitalia. Scott akajaribu kuchanganya kidogo na Kibizanti, mtindo wa kale wa Dola ya Rumi ya Mashariki, Palmerston akakataa tena. Mwaka 1861 suala likajadiliwa bungeni kwa ukali, wabunge wakibishana juu ya matao kana kwamba ni kodi, na upande wa Palmerston ukashinda.

Scott alifikiria kujiuzulu. Badala yake alinunua vitabu vya bei kubwa kuhusu usanifu wa Kiitalia, akaanza kusoma upya. Jengo lilikamilika 1868 na wizara ingali humo hadi leo, matao yake yakiwa ya duara.