Elimu kwa umma: refa akisimamisha pambano hajamuibia mtu, hata hayo mapambano makubwa mnayoyataja yalisimamishwa

Malalamiko yanayofika mezani kwetu sisi wasimamizi wa ngumi siku hizi karibu yote yanafanana: pambano limekatishwa, bondia alikuwa bado kasimama kwa miguu yake, refa kanunuliwa. Wengine wanaongezea kabisa kwamba zamani ngumi zilikuwa ngumi, watu walikuwa wanaachwa wapigane mpaka mwisho, wanataja Manila, wanataja Kinshasa, wanataja Hagler na Hearns. Mimi ni daktari wa pembeni ya ulingo na hayo mapambano ndo tunayoyatumia kuwafundishia marefa na watu wa kona, yaani kocha na wasaidizi wa bondia, kwahiyo naomba tuyazungumzie hayo hayo, maana karibu kila moja lina refa, daktari au kocha aliyefanya kitu ambacho leo kikifanyika hapa kwetu watu wanarusha chupa.

Tuanze na Manila, tarehe 1 Oktoba 1975, Muhammad Ali na Joe Frazier kwa mara ya tatu. Ukiniuliza mimi hilo ndo pambano kubwa kuliko yote ya uzito wa juu na sidhani kama nitabadilisha mawazo. Lilipigwa asubuhi kabla ya saa 5, ndani ya ukumbi wa Araneta pale Quezon City, jirani na Manila huko Ufilipino, ili Marekani walione usiku wao, na joto la mle ndani lilikuwa la kutisha. Ali akaanza vizuri, Frazier akarudi raundi za katikati akawa anampiga mbavu na ile ngumi yake ya kushoto, alafu kuanzia ya 12 Ali akapata nguvu ambazo mpaka leo sijui alizitoa wapi, raundi ya 13 kinga ya meno ya Frazier ikaruka nje ya ulingo. Jicho la kulia la Frazier likawa linafunga kwa uvimbe, na la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho wa siku nyingi ambaye watu wa nje hawakumjua. Yaani raundi ya 14 yule mtu alikuwa anapigwa ngumi asizoziona.

Ilikuwa imebaki raundi moja, dakika tatu tu. Frazier alikuwa anataka kuendelea, kocha wake Eddie Futch akakataa. Futch alishawahi kuona mabondia wakifa kwa kupigwa ulingoni, akamkalisha kijana wake chini akamwambia imeisha. Na upande wa pili Ali mwenyewe alikuwa hoi, baadae akasema ile ilikuwa karibu kabisa na kufa. Waliotoa alama wote watatu walikuwa wamempa Ali uongozi. Nani leo anasema Futch aliharibu pambano? Hayupo.

Kona ina haki hiyo hapa kwetu pia na utaratibu wake ni huu: anayesimamisha ni kocha mkuu wa kona aliyeandikwa kwenye fomu kabla ya pambano, sio kaka wa bondia, sio promota, sio shabiki wa mstari wa mbele. Kati ya raundi anamwambia refa au msimamizi wa kona yake, raundi ikiwa inaendelea anapanda ukingoni mwa ulingo ajionyeshe. Taulo peke yake refa anaweza kuliondoa akaendelea, kwasababu hajui limetoka kwa nani. Hili tunalisema kila kikao cha kanuni na bado kila mara kuna mtu anatupa taulo kutoka kwenye viti.

Sasa lile linalowauma watu zaidi, la kusimamishwa mtu akiwa amesimama. Tarehe 17 Machi 1990, Las Vegas, Julio César Chávez wa Mexico na Meldrick Taylor wa Marekani, wote hawajawahi kupoteza. Taylor alikuwa na mikono ya haraka sana, alimpiga Chávez ngumi nyingi kuliko alizopigwa, lakini za Chávez ndo zilikuwa zinaharibu. Mpaka inaanza raundi ya 12 Taylor alikuwa anaongoza kwa majaji wawili kati ya watatu, na kona yake badala ya kumwambia akae mbali ikamwambia anaihitaji ile raundi. Akaenda kupigana. Zikiwa zimebaki sekunde chache Chávez akamuangusha kwenye kona. Taylor akanyanyuka, refa Richard Steele akahesabu mpaka 8, akamuuliza uko sawa, kimya, akamuuliza tena, Taylor anageuza uso kumuangalia kocha wake aliyekuwa anapanda ulingoni. Steele akapunga mikono, kwisha. Zilibaki sekunde 2. Kengele ingelia Taylor angekuwa mshindi.

Najua hapa ndo wengi mnaponiambia, daktari, sekunde mbili! Nawaelewa, nimeshaiangalia ile raundi mara nyingi na bado inauma. Lakini hebu sikilizeni. Kazi ya refa haina saa. Refa akianza kuhesabu sekunde zilizobaki ndo aamue kama bondia ni mgonjwa au sio mgonjwa, basi huyo hafai kuwa refa. Swali analojibu ni moja tu, huyu mtu anaweza kujilinda ngumi inayofuata ikija? Taylor aliulizwa mara mbili hakujibu. Baada ya pale alipelekwa hospitali, uso umevunjika mfupa na amemeza damu nyingi, na miaka iliyofuata watu walimsikia anavyoongea kwa shida. Mimi kama daktari sina mashaka na Steele.

Kwahiyo kusimama sio kigezo, na ninaomba hili tulielewe mara moja tuache kulirudia. Bondia akinyanyuka refa anaangalia macho yake yanamfuata au yamepotea, miguu iko sawa au inayumba, mikono inarudi juu yenyewe au mpaka akumbushwe, anamwambia tembea hatua kunifuata, anamuuliza swali na anataka jibu. Haya yote yanafanyika ndani ya sekunde 10 na refa yuko karibu yake kabisa, wewe uko kwenye kiti cha mbali au unaangalia kwenye simu.

Na tuwe wakweli kidogo. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alivyoenda Birmingham akammaliza Sam Eggington raundi ya 2, refa ndo aliyeingilia kati, na sijasikia Mtanzania hata mmoja akisema kawahi. Septemba 2022 Liverpool mbele ya Liam Smith yeye mwenyewe ndo akapiga goti pambano likaisha raundi ya 4, matusi aliyotukanwa mtandaoni mnayajua. Sitaingia kwenye undani wa afya ya mtu kwasababu hairuhusiwi, ila nasema kwa ujumla kwamba bondia akisema mwili umekataa, hapo mjadala umekwisha.

Kinshasa nayo ina mambo ambayo watu hawayasimulii. Wote tunakumbuka Ali alivyoegemea kamba akamuacha George Foreman ajichoshe, alfajiri ile ya tarehe 30 Oktoba 1974, alafu raundi ya 8 akamuangusha. Foreman alikuwa na ushindi 40 bila kupoteza, 37 kwa nokauti, hakuna aliyetegemea. Ila lile pambano lilipangwa tarehe 25 Septemba! Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini siku kama nane kabla, likasogezwa wiki tano. Mobutu, rais wa Zaire wakati ule, alishamwaga hela, kila bondia ameahidiwa dola milioni 5, waandishi wa dunia nzima wameshafika, na wakasubiri kidonda kipone. Sasa promota wa hapa akija na bondia mwenye mshono tukamwambia hapana, anaanza kupiga simu kwa wakubwa. Tafadhali msifanye hivyo, haitusaidii sisi wala ninyi.

Na kuhesabiwa: Foreman naye alinyanyuka, refa Zack Clayton akamaliza pambano, na Foreman alilalamika baadae kwamba alihesabiwa haraka. Hesabu inayotambulika ni ya refa, anaichukua kwa mtunza muda, na haianzi mpaka aliyepiga aende kona isiyo ya bondia yeyote. Hesabu ya mtangazaji wa TV sio hesabu. Ya jirani yako pia sio.

Kuna watu wanasema mbona zamani zilikuwa raundi 15. Ndio zilikuwa 15, na sababu ya kuacha ina jina. Tarehe 13 Novemba 1982, Las Vegas, Ray Mancini na Mkorea Kim Duk-koo. Kim alihangaika sana kushusha uzito kabla ya pambano, lakini alipigana kwa moyo wa ajabu, walienda sambamba raundi nyingi mpaka akaanza kuzidiwa, mwanzoni mwa raundi ya 14 akapigwa akaanguka, refa akamaliza. Damu ilikuwa imeshavujia kwenye ubongo, alifanyiwa upasuaji, siku chache baadae akafariki. WBC, moja ya mashirika ya ngumi ya dunia, ndo wakaanza kushusha mapambano yao ya mkanda mpaka raundi 12, wengine wakafuata kabla ya miaka ya 80 kuisha. Kwahiyo raundi 12 hazijaletwa na watu wa TV peke yao kama mnavyoandikiana, na suala la kupima uzito tunalolisimamia kwa ukali sio usumbufu, mwili uliokaushwa maji unaingia ulingoni ukiwa tayari umechoka.

Upande wa kufungiwa kwa sababu za kiafya ndo tunapotukanwa zaidi. Bondia akipigwa nokauti anapewa muda wa lazima wa kutopigana, sehemu nyingi duniani ni kati ya siku 30 na 90 kutegemea alivyoumia, na daktari anaweza kuongeza mpaka apigwe picha ya kichwa. Ndani ya muda huo hata mazoezi ya kupigana na mwenzake haruhusiwi, na akikutwa kapigana kwa jina lingine mkoa mwingine leseni inasimamishwa, ya kocha aliyempeleka na ya promota aliyempokea zinaangaliwa pia, faini iko palepale. Mtatuita wakatili. Benny Paret wa Cuba alipigwa nokauti na Gene Fullmer Desemba 1961, Machi 24, 1962 yuko tena ulingoni Madison Square Garden na Emile Griffith, raundi ya 12 akabanwa kwenye kona akapigwa ngumi mfululizo TV ikionyesha, refa akachelewa kuingia. Alifariki siku 10 baadae. Hesabuni wenyewe imepita miezi mingapi kutoka Desemba mpaka Machi. Na hili ndo pambano ambalo refa hakusimamisha mapema, kama mnavyotaka.

Haimaanishi kila damu tunasimamisha. Hagler na Hearns, tarehe 15 Aprili 1985, dakika 8 tu na bado hakuna raundi ya kwanza nzuri kama ile, Hearns alivunjika mkono wa kulia humo humo. Hagler alichanika usoni, damu inashuka, raundi ya 3 refa akasimamisha muda daktari akamuangalia, akaona anaona vizuri akaruhusu, na muda mfupi baadae Hagler akamaliza kazi. Daktari aliingia, akaangalia, akaruhusu. Tukiingia sisi kelele zinaanza kabla hatujagusa hata pamba.

Kinga ya meno nayo niiseme haraka kwasababu makocha wa hapa wameiga vibaya. Diego Corrales na José Luis Castillo, tarehe 7 Mei 2005, raundi ya 10 Corrales kaanguka mara mbili, anatema kinga, inasafishwa na kurudishwa, anapata sekunde za kupumua, refa Tony Weeks akamkata pointi, alafu Corrales akageuza kibao akammaliza Castillo raundi hiyohiyo. Nalipenda sana pambano lile. Lakini pointi ilikatwa, na ukitema makusudi utakatwa, ukirudia tena unaweza kutolewa pambanoni.

La mwisho ni ambulensi, kwasababu juzi kati watu wamelalamika kwamba tunachelewesha mapambano. Michael Watson alikuwa karibu kumshinda Chris Eubank, London, tarehe 21 Septemba 1991, alimuangusha raundi ya 11, akajibiwa na ngumi moja ya kutoka chini, ya 12 pambano likasimamishwa na Watson akazimia. Pembeni ya ulingo hakukuwa na vifaa wala watu wa kumpa huduma ya kwanza ya ubongo inavyotakiwa, na hospitali ya kwanza aliyopelekwa haikuwa na upasuaji wa ubongo. Alipona nusu. Aliishtaki bodi ya ngumi ya Uingereza, akashinda mwaka 1999 na rufaa ya bodi ikatupwa mwaka 2000. Tangu hapo kila msimamizi wa ngumi duniani anajua: ambulensi ikiondoka na bondia, pambano linalofuata halianzi mpaka ije nyingine, hata kama ni la mkanda, hata kama mgeni rasmi ameshakaa.

Na familia, naomba mnisikilize. Mshipa ukichanika ndani ya kichwa damu inaweza kuvuja taratibu, mtu anaongea vizuri, anapiga picha na mashabiki, alafu baadae anaanza kuumwa kichwa kikali, anatapika, anasinzia kupita kawaida, anaongea vitu havieleweki. Usimpe panadoli ukamwambia alale! Mpeleke hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya kichwa usiku huohuo, na asiachwe peke yake siku ile.

Mwenye malalamiko ya matokeo ayalete kwa maandishi, kupitia bondia mwenyewe au meneja wake aliyesajiliwa, aandike raundi, muda na kanuni anayodhani imevunjwa. Tunachoweza kubadilisha ni kama majaji wamekosea kujumlisha, kama kanuni haikufuatwa, au kama vipimo vya dawa vimeonyesha kitu. Uamuzi wa refa kwamba bondia hawezi kujilinda haubadilishwi mezani. Anayerusha chupa anatolewa na anakabidhiwa polisi, na promota analipa faini kwa ulinzi mbovu. Na mkituma video tumeni raundi nzima, kipande cha sekunde kumi hatukipokei.