Maswali na majibu: presha, kiharusi na tunachokikuta kwenye hadubini

Ubongo unapimwaje kwa hadubini?
Mtu akishafariki ubongo unatolewa, unalowekwa kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi maiti, inaukaza) kama wiki 2 hivi maana ukiwa mbichi ni laini mno, haukatiki vizuri. Tunakata vipande vyembamba sana, tunavipaka rangi, tunaangalia. Basi.

Damu iliyovuja zamani mnaijuaje?
Damu ina chuma. Damu yenyewe inasafishwa na seli za mwili lakini kile chuma kinabaki pale kama kutu, miaka hata, na ukikiwekea rangi yake kinageuka bluu. Sasa hapa ndo huwa naishiwa nguvu, unaangalia pembeni ya damu mpya iliyomuua mtu unakuta vialama vya kuvuja kwa zamani, vidogo vidogo, na vishimo vya sehemu zilizokufa kwa kukosa damu, na mwenyewe hakuwahi kujua. Vimishipa navyo kuta zimenenepa, tundu limebaki dogo sana.

Nini kinaviharibu hivyo?
Presha, mara nyingi. Sukari na sigara zinasaidia kazi. Sababu adimu tuziache.

Presha yangu sasa ni 120/80 na najisikia poa, si niache dawa?
Hapana. Imeshuka KWA SABABU unameza dawa.

Nipumzike mwezi mmoja tu?
Hapana. Mishipa yako haijui kama uko mapumziko.

Lakini hata kichwa hakiniumi!
Jamani. Kichwa sio mashine ya presha! Wale wenye vialama nilivyosema nao walikuwa wanajisikia poa. Kama dawa inakuletea kikohozi au kizunguzungu mwambie daktari akubadilishie, zipo za aina nyingi, ila usiache mwenyewe kimya kimya halafu kliniki unasema unameza.

Mdomo ukipinda au mkono ukalegea, baada ya dakika 10 ukarudi sawa?
Hospitali, muda huo huo, usiku huo huo, sio "alale kwanza tuone asubuhi". Hiyo ni dalili ya kiharusi. Kama ni damu iliyoganda na kuziba mshipa wa ubongo, dawa ya kuiyeyusha inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kabla ya hapo lazima apigwe picha ya kichwa, kwahiyo masaa mliyokaa nyumbani mkijadiliana yanahesabiwa. Na msimpe aspirini njiani, kwa macho hamuwezi kujua kama imeganda au inavuja, na kama inavuja mnaizidishia.