Kabla ya kuniuliza kuhusu UNEP, soma ripoti moja ya EIA

Msimu wa wanafunzi wa sheria kutafuta atachimenti (mafunzo ya kazini) ukifika, swali ni lile lile: "Wakili, mimi naipenda sheria ya mazingira, lakini huko si mpaka uajiriwe na UNEP au NGO?" La. Na ningeomba swali hili lipumzishwe, maana limewafukuza wanafunzi wazuri wakakimbilia sheria ya makampuni, halafu miezi michache kazini wanakabidhiwa faili la leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, la mteja wa kampuni na hawajui waanzie ukurasa gani.

Tumalizane kwanza na Gigiri, Nairobi, kwenye makao ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Nafasi za mafunzo za UNEP zipo. Huombwa kupitia tovuti ya ajira ya Umoja wa Mataifa, na sharti uwe mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, au unasomea shahada ya juu, au umehitimu ndani ya mwaka mmoja. Kwa kawaida hazilipwi, kwa hiyo kodi ya nyumba na nauli ya Nairobi ni juu yako. Anayetaka mikataba ya kimataifa aende, atafaidi. Anayetaka kuwa wakili wa mazingira hapa Kenya hana haja ya kupanga foleni pale.

Kazi iko kwa watu ambao hawajawahi kujiita wanamazingira. Mwenye hoteli, kituo cha mafuta au timbo la mawe anahitaji leseni ya EIA (tathmini ya athari kwa mazingira) chini ya EMCA, sheria kuu ya mazingira ya 1999, kabla hajaanza kujenga. Akishafungua ana ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka, na akimwaga majitaka ana leseni nyingine chini ya kanuni za ubora wa maji. Tangu Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini anabeba wajibu hata baada ya mnunuzi kuitupa. Kaunti zote 47 zina jukumu la taka kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, na zote zina ofisi ya sheria. Halafu kuna kelele, ambazo wanafunzi huzidharau kabisa. Kanuni za 2009 zinaweka desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba za makazi. Waulize mawakili wa miji yetu ni majirani wangapi wa baa na makanisa wanaotaka kesi kwa sababu ya hizo 35.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi hasa. Mwanafunzi anaweza kukunukulia Ibara ya 42 na ya 70 za Katiba, kuhusu haki ya mazingira safi, bila kumeza mate, atakueleza jinsi kesi ya Wangari Maathai ya 1989 kuhusu jengo la Uhuru Park ilivyotupwa kwa kuwa alionekana hana haki ya kushtaki, na jinsi Ibara ya 70 inavyosema siku hizi mlalamishi halazimiki kuonyesha hasara au madhara yaliyompata yeye. Vizuri. Mpe ripoti ya EIA ya kurasa 300, anaanza na dibaji.

Anza na viambatisho, huko nyuma. Tafuta kumbukumbu za mikutano na orodha za waliohudhuria, kisha andika tarehe ya kila mkutano kwenye karatasi. Kando yake andika tarehe utafiti wenyewe ulipokamilika. Kanuni ya 17 ya kanuni za EIA za 2003 inataka angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika, pamoja na mabango, tangazo la gazeti na la redio. Kuhesabu mitatu ni rahisi. Swali linalosahaulika ni hili: mkutano ulifanyika kabla ya matokeo au baada yake? Juni 26, 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira, linalosikiliza rufaa dhidi ya leseni za NEMA, lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa Kwasasi, Lamu, na sababu kubwa ilikuwa hiyo hiyo. Watu walikutanishwa mwanzoni, wakaelezwa mradi unakuja. Utafiti ulipoonyesha athari zake, hakuna aliyerudi kuwauliza wanasemaje. Ukimwuliza mwanafunzi wakazi waliishinda vipi kesi ile atakwambia makaa ni machafu. Ni machafu kweli, na jopo liligusia tabianchi pia, lakini nguzo ya uamuzi ule ilikuwa ushirikishwaji wa umma, na ushirikishwaji huthibitishwa kwa tarehe, saini na kumbukumbu za mikutano.

Ukitoka hapo, chukua maswali yaliyoulizwa na wanakijiji mkutanoni uyafuatilie mpaka kwenye jedwali la athari. Mvuvi aliuliza kuhusu maji ya moto yatakayomwagwa baharini. Je, jedwali lina maji ya moto? Kisha nenda kwenye mpango wa usimamizi wa mazingira. Kila athari inatakiwa iwe na hatua ya kuipunguza, mhusika, muda na gharama. Ukiona safu ya mhusika imejaa neno "mkandarasi" kuanzia juu mpaka chini, na safu ya gharama imeandikwa "ni sehemu ya gharama za mradi", jua hapo hakuna kitu NEMA inaweza kumdai mtu baadaye. Mkandarasi atakuwa ameshaondoka.

Mwisho, sura ya sheria. Hapa ndipo pesa ya wakili mchanga ilipo, na wachache wanajua. Wataalamu waliosajiliwa na NEMA wanaoandika ripoti hizi wengi ni wanasayansi, na sura ya sheria hunakiliwa kutoka ripoti ya zamani. Ukikuta Sheria ya Misitu ya 2005 au ya Maji ya 2002 inatajwa kana kwamba ingali hai, wakati zote mbili zilibadilishwa 2016, au Sheria ya Wanyamapori ya kabla ya 2013, umeshajua jinsi ripoti ilivyopikwa. Kosa hilo peke yake halifuti leseni, usijidanganye. Linakuambia uangalie na data za mahali: aliyenakili sheria huenda amenakili na orodha ya ndege. Wataalamu makini hulipa mtu wa kuwaandikia sura hiyo upya, na kazi hiyo haisubiri uapishwe kuwa wakili, mradi usitie saini pale usiporuhusiwa.

Siku 60. Rufaa ya kupinga leseni huwasilishwa kwa jopo ndani ya siku 60 chini ya kifungu cha 129 cha EMCA, na mahakama zimeshasema jopo halina mamlaka ya kuziongeza. Zinaanza lini? Mwanakijiji hapelekewi leseni nyumbani. Anajua siku tingatinga linapoingia. Hoja kwamba siku zihesabiwe tangu alipojua ina nguvu, na imewahi kukubaliwa, ila sijaona msimamo ambao ningeuwekea dau kesi ya mteja. Kwa hiyo hesabu tangu tarehe iliyo kwenye leseni. Ukichelewa, hati ya kiapo ieleze kwa tarehe mteja alijua lini na kupitia nani. Na usidhani rufaa inasimamisha ujenzi yenyewe. Amri ya kusimamisha omba siku hiyo hiyo.

Jopo au Mahakama ya Mazingira na Ardhi? Vitabu vinachora mishale mizuri. Ukweli ni kwamba kesi ya Kibos ya 2020, iliyotaka migogoro ya leseni ianzie kwenye jopo, iliwatia mawakili hofu ya kwenda mahakamani moja kwa moja, halafu uamuzi wa Mahakama ya Upeo katika kesi ya Nicholus mwaka 2023 ukaufungua mlango kwa madai ya haki za kikatiba. Petisheni iliyochanganya leseni na Ibara ya 42 bado inaweza kukwama kwenye pingamizi la awali. Mimi hutenganisha madai mapema, na bado silali vizuri.

Kuna jambo moja ambalo wenye dhana ile ya UNEP au NGO wana haki nalo. Kuwatetea waathiriwa hulipa vibaya. Owino Uhuru, Mombasa: sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Petisheni ya 2016, hukumu ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020 huku NEMA ikibebeshwa asilimia 40, Mahakama ya Rufaa ikaitengua 2023, Mahakama ya Upeo ikairudisha Desemba 2024. Vipimo vya damu na udongo vinataka fedha tangu siku ya kwanza. Bila shirika nyuma yako, ofisi ndogo haiwezi.

Biashara ya kaboni nayo inataka wanasheria wengi kuliko waliopo. Marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanaipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato kwa miradi ya ardhi, na 25 kwa mingine. Wanafunzi hukariri asilimia. Mimi ningewauliza: jamii ipi? Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka theluthi mbili ya watu wazima wa jamii waidhinishe mkataba na mwekezaji, na jamii nyingi hazijasajiliwa wala hazina daftari la wanachama. Theluthi mbili ya wangapi, basi? Ukija Gazi, Kwale, kwenye Mikoko Pamoja, mradi wa kaboni wa mikoko, swali linabadilika kabisa: mikoko ni msitu wa umma, kwa hiyo unasoma makubaliano ya usimamizi kati ya chama cha jamii na Huduma ya Misitu, na utaanzia kwenye Sheria ya Misitu ya 2016.

Mashindano ya Stetson ya kesi za mfano yana raundi ya Afrika. Ingieni, yanafundisha kuandika hoja. Maamuzi ya jopo yako bure kwenye tovuti ya Kenya Law na ripoti za EIA zilizofunguliwa kwa maoni ziko kwenye tovuti ya NEMA. Ukiomba atachimenti, omba ofisi ya sheria ya kaunti, masjala ya jopo au idara ya sheria ya NEMA, na uambatishe kurasa mbili za uchambuzi wako wa ripoti moja, ukitaja ukurasa wa kila kasoro. Cheti cha kupanda miti si lazima.